Unataka Kupe ya Milango Miwili Kehancha? Chanuka Kwanza, Usije Ukanyonywa

Picha ni hii. Ni Jumamosi, uko stendi Kehancha, Probox zinajaza wasee wa Isebania na Migori. Mara kitu nyekundu inapita, iko chini karibu ilambe lami, milango miwili tu, ekzosti inanguruma mpaka mama wa ndizi anashika kifua. Kila mtu anageuza shingo. Kuanzia siku hiyo, hulali. Na kwa bahati uko na ganji: labda tumbaku imelipa, labda ulikuwa kwa migodi ya dhahabu huko Nyatike, labda sacco imekubali mkopo. Swali limebaki moja: hiyo ndai ni pesa ngapi?

Gari ya aina hiyo tunaiita kupe, na jina hilo lina utani wake. Huku Kuria kila mtu aliyechunga ng'ombe anamjua kupe mwingine, yule mdogo wa kwa sikio. Akianza humwoni. Unashtuka akishashiba, na ng'ombe amekonda. Gari ya spoti ya mtumba ukiinunua vibaya inafanya hivyo hivyo. Mwezi wa kwanza ni luku na mapicha. Mwezi wa nne unakopa ya mafuta. Mwezi wa nane imepaki kwa boma, kuku wanalala juu ya boneti.

Hatusemi usinunue. Maisha ni moja, na kama moyo wako unataka kupe, hiyo ni haki yako. Tunasema hivi tu: bei ya kupe haiko kwa ile karatasi imebandikwa kwa kioo. Iko mahali patatu: kwa makaratasi, chini ya boneti, na kwa siku ile utataka kuiuza. Ukijua kusoma hapo patatu, hakuna broka atakuingiza box.

KWANZA, KWA NINI NI GHALI HIVI?

Gava ya Kenya hairuhusu kuleta gari ya mtumba iliyozidi miaka minane. Hiyo iko kwa kiwango cha KEBS kinachoitwa KS 1515. Kwa mwaka 2026 hesabu ni rahisi: gari lazima iwe ilisajiliwa mara ya kwanza 2019 kwenda mbele, na usukani uwe kulia.

Sasa angalia kupe ambazo wasee wanaota. Toyota Celica ya mwisho ilitengenezwa 2006. Mazda RX-8 uzalishaji wake uliisha 2012. Nissan Fairlady Z ya Z33, ile wengi wanaita 350Z, ilimaliza zamu yake 2008. Maana yake, hizi zote ukiziona zinauzwa Kenya leo, ziko hapa tangu zamani. Hakuna nyingine ya kuja na meli. Zimepita kwa mikono mitatu, minne, na kila mkono umeacha alama yake. Tofauti ni Toyota 86: kizazi chake cha kwanza kilianza 2012 na kikaendelea hadi 2021, kwa hivyo zile za mwisho mwisho bado zinaweza kuletwa kutoka Japan.

Ukiamua kuleta yako mwenyewe, kutana na KRA. Hawa hawaangalii sana risiti yako ya mnada. Wana orodha inaitwa CRSP, yaani bei ya gari kama hiyo ikiwa mpya, wanapunguza uchakavu kulingana na umri, wanapata thamani ya forodha. Hapo ndipo ushuru unaanza kupandiana. Tuseme thamani hiyo ni mita moja kamili, shilingi 1,000,000, na injini ni ya 2000cc:

Ushuru wa kuingiza, asilimia 35: shilingi 350,000.
Ushuru wa bidhaa, asilimia 25 ya jumla ya hapo juu: 337,500.
VAT, asilimia 16 ya jumla mpya: 270,000.
Ada ya IDF, asilimia 2.5 ya ile mita ya kwanza: 25,000.
Ada ya reli, asilimia 2: 20,000.

Jumla ya ushuru: 1,002,500. Umeona? Kwa kila mita moja ya thamani ya forodha, serikali inataka mita nyingine. Na hiyo ni injini ya lita mbili. Ukipenda Fairlady Z mpya kidogo, ile ya lita 3.7, ushuru wa bidhaa unapanda hadi asilimia 35 kwa sababu injini ya petroli imevuka 3000cc. Jumla inakuwa 1,159,100 kwa mita hiyo hiyo moja. Na bado hujalipa meli, bandari, wala dereva wa kuitoa Mombasa hadi Kehancha.

Kwa hivyo msee akikuambia anauza kupe ya mwaka wa karibuni kwa bei iko chini hata ya ushuru wake, usifurahi. Jiulize nani alilipa huo ushuru, na kama ulilipwa.

ILE YA BEI YA KUTUPA NG'AMBO YA SIRARI

Sasa tuongee ile kitu kila mtu Kehancha anajua lakini hasemi kwa sauti. Mpaka uko hapo tu. Ukivuka Isebania uko Sirari, ukienda mbele kidogo uko Tarime, na huko una mashemeji, wajomba, lugha ni moja. Tanzania haina sheria yetu ya miaka minane. Gari ikizeeka wanaitoza ushuru wa ziada lakini wanairuhusu iingie. Ndiyo maana kupe za zamani unazikuta huko na namba ya T, na bei yake ukiipiga kwa shilingi ya Kenya inakufanya ucheke peke yako.

Halafu anatokea mtu. "Mura, hii chukua. Makaratasi tutapanga."

Hapo ndipo kupe ananata kwa sikio.

Gari ya namba ya T ikivuka kihalali inaingia na kibali cha muda cha forodha. Kibali kina tarehe ya mwisho. Kibali si logibuku. Kuigeuza iwe ya Kenya lazima ipite kwa KEBS na KRA kama gari nyingine yoyote iliyotoka nje: iwe chini ya miaka minane, na ilipiwe ushuru. Celica ya 2003 haiwezi kupita huo mlango, hata ujue nani. Kwa hivyo "tutapanga" maana yake ni moja kati ya mbili: utaendesha gari ambayo forodha wanaweza kuichukua siku yoyote, ama utavalishwa namba ya gari nyingine iliyokufa. Hiyo ya pili si deni, ni kesi. Na atakayesimama kortini Kehancha ni wewe uliyekuwa kwa usukani, si yule aliyesema "tutapanga".

Kuna mtego mdogo wa kuangalia. Namba za KDA zilianza 2020. Sheria ya miaka minane ilikuwepo tayari. Ukikutana na Celica ama 350Z imevaa namba ya KD na kitu, piga hesabu: iliingiaje 2020 kama ilikuwa na zaidi ya miaka kumi? Inawezekana kuna maelezo ya halali, lakini mwenyewe ndiye anapaswa kuyatoa, kwa karatasi, kabla hujatoa hata thao moja.

KARATASI KABLA YA EKZOSTI

Makosa ya vijana wengi ni kuanza na sauti. Unaambiwa "washa usikie", unawasha, moyo unaenda. Zima. Anza na haya:

Moja, tafuta rekodi ya gari kwa NTSA kupitia eCitizen. Ni mia tano na ushei tu. Itakuonyesha jina la mwenye gari, namba ya chesi, namba ya injini, rangi, na kama kuna benki ama mkopeshaji ameandikwa pamoja naye. Kama jina si la huyo anayeongea na wewe, huyo ni broka, na broka hana cha kukuuzia. Omba kuonana na mwenyewe, na kitambulisho chake.

Mbili, angalia deni lililojificha. Tangu sheria ya dhamana ya mali inayohamishika ya 2017, kuna rejista kwa eCitizen ambapo wakopeshaji huandikisha vitu walivyoshikilia kama dhamana, magari yakiwemo. Gari ya spoti na mkopo wa logibuku ni marafiki wa zamani. Mwenye kusota huwa anauza haraka, na wewe unanunua deni lake pamoja na viti vya ngozi.

Tatu, soma namba ya chesi kwa macho yako, kwa chuma, si kwa picha ya simu. Gari za Japan herufi za kwanza zinakuambia ni nani. Toyota 86 ya kwanza huanza na ZN6. Ndugu yake Subaru BRZ ni ZC6. RX-8 ni SE3P. Fairlady ni Z33 ama Z34. Honda CR-Z ni ZF1 ama ZF2. Celica ya mwisho ni ZZT230, na ile yenye injini ya moto zaidi ni ZZT231. Namba kwa chuma, namba kwa rekodi ya NTSA na namba kwa logibuku lazima ziwe moja. Ukiona chuma kimechomelewa upya ama kupakwa rangi hapo kwa namba, aga kwa heshima uende.

Nne, kama imetoka Japan karibuni, omba karatasi ya mnada na cheti cha kufuta usajili wa Japan. Karatasi ya mnada huwa na gredi. Gredi 4 ni gari safi kiasi. Ukiona R ama RA, hiyo iligongwa ikatengenezwa. Si mwisho wa dunia, lakini bei lazima ishuke. Na cheti cha Japan huwa na kilomita zilizosomwa huko. Kama huko ilikuwa 98,000 na hapa dashibodi inasema 61,000, basi kuna mtu amerudisha saa nyuma, na hakufanya hivyo kwa mapenzi yako.

FUNGUA MDOMO WA NG'OMBE

Hakuna mzee wa Kuria anaenda mnadani ananunua ng'ombe kwa kuangalia pembe. Anafungua mdomo ahesabu meno, anashika nundu, anamtembeza aone kama anachechemea. Wewe pia. Enda mchana, injini ikiwa baridi. Mwambie muuzaji asiwashe kabla hujafika, na ukifika shika boneti kwa mkono. Ikiwa moto, uliza kwa nini.

Toyota 86 na BRZ zina injini ya FA20, lita mbili, silinda nne zimelala pembeni kama mabondia wanapigana. Ni gari tamu, inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Lakini plagi ziko ubavuni badala ya juu, kwa hivyo kazi ambayo kwa Probox ni ya dakika chache, hapa fundi atakutoza zaidi. Halafu Novemba 2018, Toyota na Subaru walitangaza wito wa marekebisho wa springi za valvu kwa magari yaliyotengenezwa kati ya 2012 na 2013. Ukiona 86 ya miaka hiyo, ingiza namba ya chesi kwa tovuti ya Toyota ya Japan, kwa BRZ tumia ya Subaru, uone kama ilirekebishwa. Iko kwa Kijapani, lakini simu yako inajua kutafsiri.

RX-8 ni kesi yake peke yake. Injini yake haina pistoni, ina rota mbili zinazunguka, na ujazo wake ni lita 1.3 tu. Sauti yake inapagawisha. Ndiyo maana wengi wameingia. Kwa kawaida yake hii injini inachoma oili kidogo kidogo, hiyo si ugonjwa, lakini mwenye gari ambaye hakuwa anapima oili ameshaiua. Dawa ni kupima kompreshoni, na lazima iwe kwa kifaa cha injini ya rota. Kama hakuna fundi mwenye kifaa hicho, fanya hivi: endesha mpaka ishike moto, izime, kaa dakika kumi, uwashe tena. Ikikataa ama ikihangaika kuwaka ikiwa moto, sili za rota zimechoka. Bei yake hapo ni ya bodi na viti tu.

Honda CR-Z ni ya 1500cc na ni haibridi. Ni rahisi kwa mafuta, lakini betri yake kubwa inazeeka. Iskanie betri kabla ya kulipa, na uulize bei ya nyingine leo, si siku itakapokufa.

Kwa kupe yoyote, lala chini uangalie. Kule kwetu kuna murram, kuna matuta ambayo yalijengwa na mtu mwenye hasira, na mvua za Machi hadi Mei zinageuza njia ya boma kuwa uji. Toyota 86 tumbo lake liko kama sentimita 13 kutoka chini. Kwa hivyo angalia sampu ya oili kama imegongwa, bampa ya mbele kama imefungwa na waya, ekzosti kama imechomelewa. Kama mtu amekata springi ndiyo ikae chini zaidi, hiyo ni hasara, usilipie kama urembo. Angalia taya zimeisha upande mmoja ama sawa. Zikiisha ndani peke yake, kuna kitu kimepinda.

Na fundi usimchukue wa muuzaji. Lipa wako. Kama huku nyumbani hakuna aliyewahi kufungua gari hiyo, lipa nauli aje fundi kutoka Kisii ama Kisumu. Thao kumi za fundi zinaweza kukuokoa laki tatu.

SASA TUPIGE BEI

Usianze na bei ya muuzaji. Anza na yako. Tafuta matangazo matano ya gari ileile: mwaka mmoja, gia ileile, kilomita zinazokaribiana. Namba tunazotumia hapa ni za mfano tu. Tuseme umepata mita 2.3, 2.4, 2.5, 2.6 na 2.9. Usichukue ya juu wala ya chini, chukua ya katikati: 2.5. Kumbuka hizo ni bei watu wanaomba, si bei wanapata.

Toa vitu ambavyo fundi wako amepata, kwa bei ya duka, si kwa kukisia. Taya nne, 60,000. Klachi imechoka, 80,000. Breki za mbele, 25,000. Shoki moja inavuja, 15,000. Jumla 180,000. Sasa umefika 2,320,000. Hapo ndipo dari lako. Ofa ya kwanza iwe chini ya hapo, tuseme 2,100,000, na karatasi ya fundi iko mkononi ukionyesha. Usiongee kwa kelele, acha karatasi iongee. Muuzaji mwenye akili atasoma. Akikataa kabisa hata kuiangalia, amekuambia kitu.

Halafu piga hesabu ya pili, ile watu husahau. Pesa yako yote isiishie kwa gari. Bakisha angalau moja ya kumi pembeni kwa miezi sita ya kwanza: oili, plagi, betri, vitu vya kushtukiza. Omba kotesheni ya bima kabla ya kununua, kwa sababu bima ya gari ya spoti na dereva mwenye miaka 24 si sawa na ya mwalimu mwenye Premio. Mafuta nayo: tuseme lita ni 185 na gari inakupa kilomita kumi kwa lita. Kilomita elfu moja kwa mwezi ni 18,500. Kama kipato chako cha mwezi ni 40,000, karibu nusu imekwenda kwa tangi, na hujala. Na taya za 86 za inchi 17, saizi ya 215/45, usitarajie kuzikuta kila duka. Nyingi kutoka Japan hazina gurudumu la akiba, zina dawa ya kuziba pancha tu. Fikiria pancha Masaba, saa tatu usiku, mvua.

SIKU YA KUUZA INAKUJA

Hii ndiyo sehemu tunataka uikumbuke hata ukisahau zingine. Probox ukiamua kuiuza asubuhi Kehancha, jioni imepata mtu. Kila mtu anajua itafanya kazi gani na fundi yupo kila kona. Kupe inapendwa na watu mia na inanunuliwa na mmoja, na huyo mmoja pengine yuko Kisumu ama Nairobi. Anajua uko mbali, anajua umekwama, atakupa bei ya mtu aliyekwama.

Kwa hivyo jiulize swali hili kabla ya kulipa: kesho mama akilazwa na hospitali ikataka laki tatu kufikia jioni, nitatoa wapi? Kama jibu ni "nitauza kupe", usinunue bado. Hiyo si akiba, ni pesa iliyofungiwa kwa chuma. Kama jibu ni "niko na mahali pengine", basi nunua na roho safi, kwa sababu hutawahi kuiuza ukiwa na presha, na asiye na presha ndiye hupata bei yake.

Hiyo pia ndiyo siri ya kununua vizuri. Muuzaji mwenye kupe huku mashinani naye yuko na shida hiyohiyo: wanunuzi ni wachache. Wewe ukiwa na pesa tayari, karatasi umeangalia, na hauna haraka, nguvu iko upande wako. Usiipoteze kwa kumwambia umeipenda.

SIKU YA KULIPA

Usitume hata senti ya "kunishikilia gari". M-Pesa inakubali hadi 250,000 kwa mara moja, na matapeli wanaijua hiyo namba vizuri. Lipeni benki, jina la anayepokea liwe lile la rekodi ya NTSA. Andikeni mkataba kwa wakili, na vitambulisho, PIN za KRA, namba ya chesi na ya injini zote ndani. Halafu muuzaji aanzishe uhamisho kwa akaunti yake ya NTSA mkiwa wote mmekaa hapo, wewe uukubali kwa yako. Usikubali "nitafanya Jumatatu". Sheria ya trafiki inakupa siku 14 baada ya kununua. Ukizidisha hapo ukiwa barabarani na jina la mtu mwingine, kosa ni lako. Na yeye pia anaumia: ukigonga mtu, karao wanaanza kwa jina lililo kwa rekodi.

Ukimaliza yote hayo na bado gari iko sawa, bei iko chini ya dari lako, na kuna kitu kimebaki pembeni, basi mura, chukua ndai yako. Washa sasa. Pita polepole stendi, wape wasee wa Probox kitu cha kuongea, mpungie mama wa ndizi mkono. Sauti ni tamu zaidi ukijua kwamba logibuku iko kwa jina lako na hakuna mtu anakutafuta.

Na kama umefika katikati ukagundua karatasi hazishikani ama hesabu haifiki, geuka urudi nyumbani na ganji yako mfukoni. Utakuwa umepoteza nauli, mia tano na ushei ya NTSA na thao chache za fundi. Kuna wasee wamelipa gari nzima ndiyo wajue hayo.